Mafuta hayatakwisha kwa siku moja
Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, bado utaambiwa mafuta ya dunia yatakwisha baada ya miaka 40. Hesabu hiyo hugawa akiba inayojulikana kwa matumizi ya mwaka. Akiba mpya ikipatikana au bei ikipanda, jibu hubadilika. Visima havikauki ghafla. Uzalishaji wa Uingereza, hasa Bahari ya Kaskazini, ulifikia kilele mwaka 1999, ukaanza kushuka, na mafuta bado yanatoka. Yanayotangulia kwisha ni yale rahisi kuchimba. Hilo ndilo linanitia wasiwasi, maana bei humuumiza mvuvi mapema, tone la mwisho likiwa mbali.

Wavuvi wengi wa dagaa wameshaacha karabai za mafuta ya taa, wanavua kwa taa za sola. Injini ya mtumbwi ni ngumu zaidi kuiachisha mafuta. Tuanze na safari fupi, ambazo betri inazimudu.