Setilaiti Tunaisingizia Mengi

Mechi ilikuwa dakika za mwisho, nasi tumejazana kwenye kibanda cha mpira pale Kibirizi, mjini Kigoma, macho yote kwenye skrini. Winga ndiyo kwanza anauvuta mpira pembeni, mara nje kukalipuka sauti: "Goooli!" Alikuwa mzee mmoja na redio yake ya mkononi, ameketi juu ya kreti la soda. Sisi wa ndani tukangoja sekunde nne, tano, ndipo tukaliona goli tulilokwisha kulisikia. Kijana wa kibanda akawahi kujitetea: "Jamani, setilaiti iko mbali, picha inachelewa njiani."

Kauli hiyo nimeisikia tangu Gungu hadi Ujiji, na ina chembe ya ukweli ndani yake. Setilaiti za televisheni kweli ziko mbali: kilomita 35,786 juu ya mstari wa Ikweta. Huko zinazunguka kwa mwendo ule ule wa dunia inavyojizungusha, ndiyo maana kwetu huku chini zinaonekana zimetulia mahali pamoja na dishi halina haja ya kuzifukuza. Lakini mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Kupanda hadi kwenye setilaiti na kushuka mpaka Kibirizi ni robo ya sekunde tu, kama kupepesa jicho.

Sekunde zilizobaki zimeliwa na kompyuta, hapa hapa duniani. Picha ya kidijitali haitumwi nzima nzima. Mtambo wa kurushia hukusanya picha kadhaa, ukazilinganisha, kisha ukatuma kile tu kilichobadilika: mguu uliosogea, mpira uliohama. Nyasi ambazo hazikubadilika hazirudiwi. Kazi hiyo inakula muda. King'amuzi nacho kikipokea, kinaweka akiba kidogo ili picha isikatike, kinafungua kila kipande, ndipo kinakuonyesha. Redio ya yule mzee haina shughuli zote hizo. FM inabeba sauti moja kwa moja, basi ikamfikishia goli mapema.

"Dishi likiwa juu zaidi ndiyo linashika." Shemeji yangu wa Mwanga alimlipa fundi alisimike dishi kwenye bomba la mita sita, na bado picha ikawa inaganda kila upepo wa ziwani ukivuma. Ushauri huo ulitoka kwenye antena. Antena inahitaji urefu kweli, kwa sababu mnara wake uko ardhini, na mji wetu huu wa vilima huficha mambo mengi. Dishi linatazama angani. Mita sita kwenye safari ya kilomita 35,786 hazipunguzi kitu. Linachotaka ni uwazi na kukazwa vizuri. Tena sisi tuko nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo setilaiti iliyokaa nyuzi 36 Mashariki iko karibu na utosi wetu. Ukuta wa jirani hauna neno. Mwembe ndio wa kutazamwa. Tulilishusha dishi la shemeji hadi uani, tukapogoa tawi moja lililokuwa limetanda juu yake, na picha ikatulia.

Mvua ikinyesha, watu husema setilaiti "imelowa". Iko mbali mno juu ya mawingu, hailowi kamwe. Mawimbi yake yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na matone ya mvua huyameza na kuyatawanya katika kilomita chache za mwisho. Hebu fikiria: yamevuka maelfu kwa maelfu ya kilomita salama salimini, yanakuja kukwama juu ya paa lako.

Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa kazini na taa zao zimetapakaa ziwani kama mji, tazama juu saa moja hivi baada ya jua kuzama. Pengine utaona nyota angavu inakatiza anga kutoka magharibi kuelekea mashariki, haimeti wala hailii. Nimesikia ikiitwa ndege ya kichawi. Mara nyingi huwa ni kituo cha anga cha kimataifa, kinang'aa kwa sababu kule juu jua bado linakipiga. Kiko kama kilomita 400 kutoka ardhini, yaani karibu sawa na reli ya Kigoma hadi Tabora ukiisimamisha wima, na umbali huo wenyewe kinaukata kwa chini ya dakika moja. Wengi huamini wanaanga humo wanaelea kwa sababu hakuna mvutano wa dunia. Mvutano upo, karibu asilimia 90 ya huu wetu. Kituo na watu wake wanaanguka pamoja muda wote, ila kwa kasi ile ya pembeni kila wakianguka, dunia nayo imejikunja chini yao.

Picha zako za simu "zilizopanda kwenye wingu" nazo hazijapanda popote. Ziko kwenye majengo yaliyojaa kompyuta, na kwa kawaida zinafika huko kwa nyaya za kioo, zikipita chini ya bahari, kama ile mikongo ya SEACOM na EASSy iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010.

Kuna dhana moja siwezi kuipitia haraka, nayo ni ya radi. Ng'ambo ya ziwa, mashariki mwa Kongo, ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, nasi huku tunapata fungu letu. Mawingu yakitanda, mama wa nyumba anafunika kioo cha kabati kwa kanga, kwamba kinavuta radi. Anafunika na televisheni. Nimeiona ya jirani yangu baada ya dhoruba: kanga imekaa vilevile, maua yake hayana hata doa, na nyuma yake king'amuzi kinanuka plastiki iliyoungua. Plagi ilikuwa ukutani. Kioo hakivuti radi. Radi hupenda vitu virefu na njia za chuma, na nyaya za umeme na waya wa dishi ni njia iliyonyooka hadi sebuleni. Kuzima kwa rimoti hakusaidii, wala kubonyeza swichi ya soketi: kitu kilichoruka kilomita nzima za hewa kitashindwaje kuruka upenyo wa milimita chache? Chomoa plagi. Chomoa na waya wa dishi. Na ufanye hivyo mapema, kabla ngurumo hazijasogea.

Ipo na dhana iliyokwenda kinyume, tukaishtaki nyumba kwa jambo la angani. TV ya chogo ikikosa stesheni ilijaa chenga, na sote tuliamini ni ubovu wa TV au antena. Nyingi zilikuwa kelele za vifaa na mawimbi ya hapa hapa. Lakini kama moja katika kila mia ilitoka mwanzo wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8 iliyopita. Mwaka 1964 kule New Jersey, Marekani, wanasayansi Arno Penzias na Robert Wilson walisikia mawimbi hayo kama mvumo kwenye antena yao, usiku na mchana, kutoka kila upande. Walikuta njiwa wamepiga kambi ndani yake, wakawaondoa, wakasugua kinyesi chote. Mvumo ukabaki. Mwaka 1978 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa nchini tarehe 31 Desemba 2012, na TV za sasa zikikosa mawimbi huonyesha bluu tupu. Fundi mmoja wa Ujiji bado ana chogo moja rafuni. Juzi nilimwomba aiwashe na kipande cha waya badala ya antena. Watoto waliokuwa wakipita wakasimama mlangoni. "Mjomba, mbona haioneshi kitu?" Nikawaeleza ile moja katika mia. Mdogo wao akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo, akanyoosha kidole, akaanza kuhesabu.