Bluu Isiyokuwapo: Rangi na Sauti katika "King of Jazz" ya 1930

Mwaka 1930 studio ya Universal ilitoa King of Jazz, filamu isiyo na kisa: ni nyimbo, ngoma na vichekesho vinavyofuatana, vyote vikiizunguka okestra ya Paul Whiteman. Kilele chake ni Rhapsody in Blue, muziki wa George Gershwin ambao Whiteman mwenyewe aliuagiza na kuupiga kwa mara ya kwanza New York mwaka 1924. Tatizo lilikuwa kwenye jina hilohilo: "Blue" ni bluu. Technicolor, mfumo wa kupiga filamu za rangi, wakati ule haikuweza kutoa bluu.

Nyuma ya lenzi, prizimu iligawa mwanga: sehemu moja ikapita kwenye kichujio chekundu, nyingine kwenye cha kijani, zote zikanaswa kwenye mkanda mmoja wa nyeusi na nyeupe. Nakala ikachapwa kwa rangi mbili tu, nyekundu inayoelekea chungwa na kijani kinachokaribia samawati. Ngozi za waigizaji na shaba ya tarumbeta zilitoka vizuri, bluu ilipotea.

Msanifu wa mandhari Herman Rosse na mwongozaji John Murray Anderson walijaribu vitambaa na rangi za kupaka mbele ya kamera. Mwishowe jukwaa likabaki kijivu na fedha, na kijani kikachaguliwa kwa makini mno. Kikiwa peke yake bila rangi ya kushindana nayo, jicho hukiona kuwa bluu ya manyoya ya tausi. Itazame piano ile kubwa ajabu, okestra nzima ikichomoza ndani yake, utaona hila hiyo ikifanya kazi. Rosse alipata tuzo ya Oscar, na aliistahili.

Kwenye sauti, Whiteman alishikilia muziki urekodiwe kwanza, kisha wapigaji waigize huku ukisikika kwenye vipaza sauti. Ukirekodi wakati wa kupiga picha, maikrofoni hunasa nyayo za wachezaji, na ala hufifia kila inaposogezwa mbali.

Kuna dosari isiyofunikika. Onyesho la mwisho linadai jazi ilipikwa katika chungu kimoja kwa muziki wa mataifa ya Ulaya. Wamarekani Weusi, walioizaa jazi, hawamo chunguni.

Ukiitafuta, epuka nakala zilizotokana na toleo la 1933, lililokatwa sana. Chagua ile iliyokarabatiwa na kuonyeshwa mwaka 2016. Pale picha zilipopotea na sauti ikabaki, zimewekwa picha za mnato.