LPN Marekani: dola 30 kwa saa, na kinachobaki baada ya kodi ya nyumba

Swali ni lile lile kila msimu wa usajili wa vyuo: LPN inalipa? Mara nyingi anayeuliza ni CNA (msaidizi wa wauguzi) aliyechoka kugeuza na kuinua wagonjwa usiku kucha, na amesikia kuwa kozi ya mwaka mmoja hivi itampa leseni. LPN (Licensed Practical Nurse) ni muuguzi wa ngazi ya kati, juu ya CNA na chini ya RN (muuguzi aliyesajiliwa). Texas na California wanamwita LVN, kazi ni ile ile. Majibu anayopewa huwa ya kweli nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayokuja kumsumbua akishasaini mkataba wa nyumba.

Dhana: Ukigeuza mshahara wa LPN kuwa shilingi, huyo ni tajiri

Takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za Mei 2024 zinaonyesha mshahara wa kati wa LPN kuwa dola 62,340 kwa mwaka, karibu dola 30 kwa saa. Ndugu aliye Kisii au Eldoret anazidisha kwa 129 (shilingi kwa dola moja), anagawanya kwa 12, anapata shilingi laki sita na sabini kwa mwezi. Hesabu yenyewe ni sahihi, ila pesa hiyo hailiwi Kisii. Tena "mshahara wa kati" maana yake nusu ya ma-LPN wanapata chini ya hapo, na aliyepata leseni juzi kwa kawaida yumo kwenye nusu hiyo.

Tumchukue asiye na mke wala mtoto, anayelipwa dola 30 kwa saa, saa 40 kwa wiki, mwaka mzima. Kwa viwango vya 2024, kodi ya mapato ya serikali kuu inachukua kama dola 5,600. Social Security na Medicare (makato ya pensheni na ya bima ya afya ya uzeeni) zinakata asilimia 7.65, yaani karibu 4,800. Zinabaki kama 52,000, au 4,300 kwa mwezi. Sasa mpeleke Lexington, Kentucky, ambako Waswahili wengi kutoka Kongo wamefanya makazi. Jimbo linachukua asilimia 4 (kiwango cha 2024), halafu mji wenyewe unakata asilimia 2.25 ya mshahara, kodi ambayo wageni wengi huigundua kwenye hati ya malipo ya kwanza. Zimebaki 4,000 na ushee.

Yanayofuata ni makadirio yangu tu, kila mtu na maisha yake: nyumba 1,300; mkopo wa gari, bima yake na mafuta 750; bima ya afya ya kazini 200; umeme, maji, simu na intaneti 300; chakula 400. Mkononi imebaki kama dola 1,050, au shilingi 135,000 hivi za Kenya. Ni pesa nzuri, wala sitaki kumkatisha mtu tamaa, lakini iko mbali mno na laki sita na sabini ambazo mjomba amekwishazigawa kwenye kikao cha harusi. Na huyu hajalipia mtoto kituo cha kulelea watoto. Akiwa na wawili, hiyo 1,050 ataisahau.

Usishangae kuona gari linachukua kiasi hicho. Nyumba za kutunzia wazee hubadilisha zamu saa moja asubuhi, saa tisa alasiri na saa tano usiku. Katika miji mingi ya Marekani basi la saa tano usiku ama halipo ama linapita mbali na kazini.

Dhana: Hamia jimbo linalolipa zaidi

Hapa ndipo watu wanapofunga mizigo. Washington, California, Oregon, Massachusetts na Alaska ziko juu. Kwa takwimu za 2023, LPN wa California alikuwa akipata zaidi ya dola 70,000 kwa wastani, na wa Mississippi chini ya 50,000. Ukiangalia namba hizo peke yake, uamuzi unaonekana rahisi.

Serikali ya Marekani hupima pia bei za maisha kwa kila jimbo, wastani wa nchi ukiwa 100. California iko karibu 112, Mississippi karibu 87. Chukua mishahara ya mfano, 72,000 na 48,000, kisha igawanye kwa vipimo hivyo: wa California ananunua vitu vya kama dola 64,000, wa Mississippi vya kama 55,000. Pengo la 24,000 limeshuka hadi 9,000. Halijafutika, na ni vizuri kulisema hilo, maana wapo wanaoapa kwamba kusini mwenye mshahara mdogo anaishi vizuri kuliko wa pwani ya magharibi. Kwa wastani wa jimbo, haiko hivyo.

Tatizo ni kwamba wastani huo umechanganya mpangaji wa jana na aliyekaa nyumba ile ile miaka 15. California ina sheria ya 2019 inayozuia mwenye nyumba kupandisha kodi kupita kiwango fulani kwa mwaka kwa mpangaji aliyemo, kwa nyumba nyingi zilizofikisha miaka 15. Mgeni anayeingia leo analipa bei ya soko ya leo. Kwa hiyo LPN anayehamia eneo la San Francisco asijipime kwa ule 112, ajipime kwa tangazo la nyumba aliyoiona wiki hii, karibu na kazi aliyoahidiwa. Wizara ya nyumba ya Marekani inahesabu kuwa familia inayotoa zaidi ya asilimia 30 ya mapato yake kwa makazi imelemewa. Kwa dola 72,000 kwa mwaka, asilimia 30 ni 1,800 kwa mwezi. Tafuta nyumba ya vyumba viwili San Francisco kwa bei hiyo, kisha tuzungumze.

Ndiyo maana kuna wanaoishi mbali mahali pa nafuu na kuendesha gari saa nzima kwenda kwenye mshahara mkubwa. Wanaofanikiwa ni wale wenye zamu ndefu siku chache. Safari tano kwa wiki humaliza faida yote kwenye mafuta na matairi.

Dhana: Jimbo lisilo na kodi ya mapato ni nafuu

Texas, Florida, Tennessee na Washington hazikati kodi ya jimbo kwenye mshahara, kweli. Lakini angalia ukubwa wa hicho kinachookolewa. Illinois inakata asilimia 4.95, ambayo kwa mshahara wetu wa dola 30 kwa saa ni kama dola 250 kwa mwezi. Tofauti ya kodi ya nyumba kati ya mtaa na mtaa wa mji mmoja inaweza kuzidi hapo.

Dhana: Hospitali ndiyo inayolipa vizuri

Kwa RN, sawa. Kwa LPN takwimu zinaonyesha kinyume: nyumba za kutunzia wazee ndizo zinazowaajiri wengi zaidi na kuwalipa juu zaidi, hospitali ziko chini yao, na kliniki za madaktari ziko mkiani. Kliniki humvutia mtu kwa saa nzuri, mchana tu, wikendi nyumbani.

Nyumba za wazee zina sababu ya kulipa hivyo. LPN mmoja anaweza kuachiwa wazee 25 au zaidi, na mkokoteni wa dawa anausukuma chumba hadi chumba akitoa vidonge, kupima sukari, kuchoma insulini na kufunga vidonda. Saa tisa ikifika hajamaliza. Yeye na anayempokea wanasimama mbele ya droo yenye kufuli mbili, wanahesabu vidonge vya oxycodone (dawa kali ya maumivu) kimoja kimoja na kutia saini daftari. Hesabu isipokubaliana, hakuna anayeondoka. Hakikisha dakika hizo nazo zinalipwa. Wapo wanaogonga saa ya kutoka kwanza, halafu wanahesabu bure.

Suala la ovataimu nalo lina mtego wake. Sheria ya kazi haimhesabu LPN kama mtaalamu asiyestahili ovataimu, hata akipewa cheo cha msimamizi wa zamu, kwa hiyo baada ya saa 40 za wiki analipwa mara moja na nusu. Ila hospitali na nyumba za wazee zinaruhusiwa, kwa makubaliano na wafanyakazi, kuhesabu kwa wiki mbili: zaidi ya saa 8 kwa siku au 80 kwa siku 14. Chini ya mpango huo unaweza kufanya saa 48 wiki moja na 32 inayofuata, zamu za saa nane nane, usipate ovataimu hata senti. Uliza kabla ya kusaini.

Ejensi za kukodisha wauguzi je? Kwa saa wanalipa zaidi. Mara nyingi bima ya afya unajitafutia, likizo ya malipo hakuna, na zamu inaweza kufutwa ukiwa umeshavaa sare.

Dhana: Ukiwa LPN umeshafika

Mshahara wa kati wa RN mwaka 2024 ulikuwa dola 93,600, kama 31,000 zaidi. Ukiwa na nia ya kuvuka, chagua chuo cha LPN ambacho masomo yake yatakubaliwa na programu ya RN, na kiwe kimeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo lako. Baadhi ya vyuo vya binafsi hutoza mara kadhaa ya chuo cha umma cha kaunti, kisha mtihani wa leseni ya LPN, NCLEX-PN, ni ule ule kwa wote.

Dhana: Kwa aliye nyumbani, LPN ni njia rahisi ya viza

Marekani ina orodha iitwayo Schedule A, ya kazi ambazo serikali imekwishakubali kuwa wenyeji hawatoshi. RN na wataalamu wa tiba ya viungo wamo, LPN hayumo. Mwajiri anayetaka kumleta inabidi kwanza atangaze kazi na kuithibitishia Idara ya Kazi kwamba hakupata mtu. Mwenye diploma ya uuguzi ya Kenya, KRCHN, asikubali kushawishiwa aanzie LPN kabla vyeti vyake havijatathminiwa na TruMerit (zamani CGFNS), shirika linalopima vyeti vya wauguzi wa nje, kwa kuwa yako majimbo yatakayomruhusu kukalia mtihani wa leseni ya RN, NCLEX-RN, moja kwa moja.