Bobby Knutt: mchekeshaji wa klabu aliyeingia mgodini

Kila mwaka nikianza kufundisha uigizaji, kazi ya kwanza ninayowaonyesha wanafunzi si ya nyota yeyote wa sinema. Ni ya Bobby Knutt, mchekeshaji wa Sheffield, Uingereza, aliyezaliwa 1945 kwa jina la Robert Wass. Wengi hawajawahi kumsikia, na hilo hunisikitisha.

Riziki yake aliichuma kwenye klabu za wafanyakazi za kaskazini mwa Uingereza, kumbi za wachimba makaa ya mawe na watu wa viwandani, zinazomilikiwa na wanachama wenyewe. Umoja wa klabu hizo uliundwa 1862. Humo mchekeshaji hapewi heshima ya bure. Watu wana bia mezani, soga zimenoga, bingo inasubiriwa kwa hamu. Ukichelewa kidogo tu kutoa neno la kuchekesha, ukumbi umekuponyoka. Ndiyo maana wachekeshaji wale walikuwa na masikio makali ajabu.

Mwongozaji wa filamu Ken Loach aliyathamini masikio hayo. Katika filamu yake Kes ya 1969 alimpa Duggie Brown, mchekeshaji mwingine wa klabu, nafasi ya muuza maziwa. Dada yake Duggie, Lynne Perrie, aliyekuwa akiimba klabuni, akacheza mama wa Billy, kijana ambaye ndiye mhusika mkuu. Kisha 1977 ikaja The Price of Coal, tamthilia ya televisheni ya Loach yenye sehemu mbili, iliyoandikwa na Barry Hines kwa ajili ya BBC, na Knutt akawa Sid Storey, mchimba makaa wa Yorkshire.

Sehemu ya kwanza inachekesha: mgodi unasafishwa na kupakwa rangi kwa sababu Prince Charles anakuja kuutembelea, na Sid haoni mantiki ya gharama ile. Sehemu ya pili, mlipuko unaua wachimbaji katika mgodi uleule.

Hapa ndipo huwa nasimamisha picha. Mtu aliyezoea jukwaa hutupa utani wake kwa hadhira. Ni mazoea magumu kuyaacha. Knutt anautupa kwa mwenzake wa kazini, kwa sauti ya chini, kwa lafudhi ya kwao, kisha anaendelea na shughuli zake. Hangoji kicheko chetu. Tunamzoea kama jirani, kwa hiyo mlipuko unapotokea, hofu inatushika kama ya watu wa nyumba yake.

Baadaye Knutt aliingia kwenye tamthilia ya televisheni Emmerdale akiwa Albert Dingle, na akaonekana pia katika kipindi cha vichekesho Benidorm. Alifariki 2017. Loach naye aliendelea kuchota kwenye kisima kilekile: Crissy Rock, mchekeshaji wa klabu za Liverpool, alitwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 1994, kwa filamu ya Loach iliyokuwa ya kwanza kwake kuigiza.

Mkiitazama The Price of Coal, mwangalieni Knutt wakati mtu mwingine anapozungumza. Macho yake hayaondoki kwa msemaji.