Je, wajua kwa nini programu mbili zinaweza kutumia anwani moja ya kumbukumbu bila kugongana?

Chukua programu mbili kwenye kompyuta moja. Ya kwanza inaandika 5 kwenye anwani 409608 ya kumbukumbu, ya pili inaandika 9 kwenye anwani hiyohiyo. Zikirudi kusoma, kila moja inakuta namba yake. RAM, yaani kumbukumbu halisi ya kompyuta, ni moja tu. Imekuwaje?

Anwani hiyo ni ya bandia. Keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huigawa kumbukumbu katika kurasa, mara nyingi za baiti 4096, kisha kila programu huiwekea jedwali lake la kurasa. Gawa 409608 kwa 4096: unapata 100, baki 8. Kichakataji kinatazama jedwali la programu ya kwanza na kukuta kwamba ukurasa wa 100 umewekwa, tuseme, kwenye fremu ya 731 ya RAM (fremu ni kipande cha RAM chenye ukubwa wa ukurasa mmoja). Kwa programu ya pili, ukurasa wa 100 uko fremu ya 40. Ile 8, yaani nafasi ndani ya ukurasa, haiguswi. Tafsiri hii hufanywa na kichakataji chenyewe. Keneli ingeitwa kila mara, kompyuta ingetambaa.

Keneli huingia pale jedwali linapokosa jibu, na hapo ndipo panaponichekesha. Programu ikiomba gigabaiti 1, mfumo endeshi wa Linux kwa kawaida hukubali papo hapo bila kutenga hata fremu moja. Ni ahadi tupu. Programu ikigusa ukurasa kwa mara ya kwanza, kichakataji kinakuta hakuna fremu, kinaisimamisha na kuiita keneli. Keneli hutafuta fremu iliyo huru, huijaza sufuri ili mgeni asisome siri za aliyetangulia, huiandika kwenye jedwali, na amri ileile hurudiwa. Programu haina habari kwamba ilisimamishwa.

RAM ikibana, kurasa zisizoguswa kwa muda huhamishiwa diski. Ujanja huu si mgeni: kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa Manchester mwaka 1962, ilihamishia kurasa zake kwenye ngoma ya sumaku, kifaa cha kuhifadhia data cha enzi hizo. Ubaya ni kwamba diski ni ya polepole mno, na kurasa zikianza kwenda na kurudi bila kukoma, mashine huonekana imeganda.

Na nafasi ya kurasa kwenye diski nayo ikijaa? Linux huchagua programu moja na kuiua, kwa kawaida ile iliyojilimbikizia kumbukumbu nyingi, hata kama aliyeomba ukurasa wa mwisho ni mwingine.