Faini ya Shanzu na Fomu ya Kazi ya Ndege

Kila kampuni ya ndege inapotangaza nafasi, mlango wa ofisi yangu hubishwa na kijana anayetaka tuzungumze "kando kidogo". Kisa chake nishakijua kabla hajaketi. Miaka miwili mitatu nyuma alikuwa akiendesha gari usiku akirudi kutoka Mtwapa. Alipovuka daraja akasimamishwa, akapuliza kile kimashine cha kupima pombe, askari akaitazama namba, akatikisa kichwa. Akalala kituoni. Asubuhi akapandishwa kizimbani katika mahakama ya Shanzu, akalipa faini, akadandia matatu ya kurudi Kisauni. Mamake mpaka leo anajua alilala kwa rafikiye. Sasa kijana ana fomu mkononi, na kwenye ukurasa wa tatu ameulizwa kama amewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote.

Kazi yangu ni kuwatayarisha wahitimu wa chuo chetu hapa Mombasa kwa usaili wa kazi za usafiri wa ndege: marubani wachache, wahudumu wa ndani ya ndege, mafundi, na wengi zaidi wa kaunta na mizigo pale uwanja wa ndege wa Moi. Naandika haya kwa sababu ushauri wanaopeana wenyewe barazani, Magongo na Port Reitz, umewaharibia kazi wengi kuliko pombe yenyewe.

Sentensi ninayoisikia zaidi ni hii: "Mwalimu, mimi sikufungwa, nililipa faini tu." Hiyo "tu" ndiyo inayoponza watu. Faini ni adhabu, na mahakama haimwadhibu mtu kabla ya kumwona na hatia. Kumbuka asubuhi ile ilivyokwenda. Ulisomewa shtaka, ukaulizwa ni kweli au si kweli, ukajibu "ni kweli". Kisha mwendesha mashtaka akasimulia jinsi ulivyokamatwa, ukaulizwa tena kama maelezo yale ni sahihi, ukasema ndiyo. Hapo ndipo hakimu alipokutia hatiani, na kiasi cha faini kikafuata. Yote yalichukua dakika chache, nyuma yako kuna foleni ya watu wa makosa ya barabarani, na akili yako ilikuwa kwenye simu ya kumwomba ndugu akutumie pesa. Ndiyo maana wengi hawakumbuki kwamba walikiri. Daftari la mahakama linakumbuka.

Wapo pia ambao kesi yao haikufika huko. Shtaka likiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kabla hujaanza kujitetea, hujatiwa hatiani, ingawa pia hujafutiwa moja kwa moja, maana unaweza kushtakiwa upya kwa jambo lile lile. Hakimu anaweza vilevile kumwachilia mtu bila adhabu, au kwa masharti, akitumia kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu. Ukiwa katika kundi hilo, usijaze fomu kwa kubahatisha. Mpe wakili karatasi azisome.

Kuna kundi la tatu linalonitia wasiwasi kuliko yote mawili. Hawa walitoa pesa kituoni usiku ule, wakapewa risiti, wakadhani wamemaliza. Itazame hiyo risiti vizuri. Ikiwa imeandikwa dhamana, basi hukulipa faini, uliweka pesa ili urudi siku ya kesi. Usiporudi, mahakama inaweza kutoa hati ya kukukamata, nayo inaweza kukaa miaka bila wewe kujua, hadi siku unapotafuta pasi ya uwanja wa ndege.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote kwenye fomu, nenda masjala ya mahakama iliyosikiza kesi yako, ukiwa na namba ya kesi au angalau tarehe na jina kamili, uombe nakala iliyothibitishwa ya mwenendo wa kesi na uamuzi. Chukua na nakala ya risiti ya faini. Ukiona ulihukumiwa isivyo haki, jua kwamba muda wa kukata rufaa ya jinai ni siku 14 tangu hukumu. Ukipita, itabidi uiombe mahakama ikuongezee muda ukiwa na sababu yenye uzito.

Ukishazipata, rudi kwenye swali la fomu ulisome polepole. Kukamatwa, kushtakiwa na kutiwa hatiani ni mambo matatu tofauti, na kila fomu huchagua lake. Ukiulizwa kuhusu kutiwa hatiani na kesi yako iliondolewa, jibu la kweli ni "la". Ukiulizwa kama umewahi kukamatwa, mtu huyo huyo jibu lake ni "ndiyo". Sisemi hivi ili utafute mwanya. Nasema ujibu ulichoulizwa, kwa ukamilifu, bila kujiongezea hatia ambayo mahakama haikukupa.

Walioenda kusomea urubani Marekani wawe macho zaidi. Fomu ya uchunguzi wa afya ya mamlaka yao ya anga, FAA, inauliza kukamatwa na kutiwa hatiani kwa kuendesha gari ukiwa umelewa. Kwa hiyo aliyeshinda kesi naye pia ana la kueleza. Tena mwenye leseni ya huko aliyetiwa hatiani, au aliyenyang'anywa leseni ya gari kwa ajili ya pombe, ana siku 60 za kuwaandikia kitengo chao cha usalama. Barua hiyo ni mbali na fomu ya afya. Kutaja hapa hakukuondolei wajibu wa kutaja kule. Adhabu ya kudanganya kwenye fomu ya afya inaweza kuwa kufutiwa vyeti vyote vya urubani, hata kama kosa lenyewe la gari lingesameheka.

Jambo ambalo vijana wetu hawalioni ni hili: fomu ya mwajiri haisafiri peke yake. Rubani ataulizwa kuhusu pombe na daktari wa anga anayempima kwa cheti cha afya cha daraja la kwanza. Mpakiaji mizigo, ambaye hatawahi kugusa usukani wa ndege, atachunguzwa historia yake kabla ya kupewa pasi ya kuingia upande wa ndege, kwa kuwa kanuni za kimataifa za usalama wa viwanja zinataka hivyo kwa kila anayeingia huko. Na waajiri, wakiwemo wa Ghuba, huomba cheti cha maadili mema, kile unachokiombea kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen kisha ukaenda Huduma Centre kuchukuliwa alama za vidole. Karatasi hizi zote hukutana mezani kwa mtu mmoja. Zikisema neno moja, anaendelea kusoma. Zikipingana, anaacha kuuliza ulikunywa nini na kuanza kuuliza wewe ni mtu wa namna gani.

Wapo mabroka watakaokwambia wanaweza "kusafisha" alama zako za vidole kwa bei ya maelewano. Wakimbie. Ukiwapa pesa umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza, na hili la pili halina "nilikuwa kijana" ya kujitetea nayo.

Maelezo yenyewe yawe mafupi. Fomu karibu zote ni za Kiingereza, lakini mimi huwataka wayaandike kwanza kwa Kiswahili ili wajue wanachokisema. Hivi yanatosha:

"Mwezi Agosti 2022 nilipatikana nikiendesha gari nikiwa nimelewa katika barabara ya Malindi. Nilikiri kosa mbele ya mahakama ya Shanzu, nikatozwa faini nikailipa siku hiyo hiyo. Sina kesi nyingine kabla wala baada ya hiyo. Nimeambatisha nakala ya mwenendo wa kesi na risiti."

Basi. Usiandike kwamba askari alikuwa na njaa, hata kama kweli alikuwa nayo. Ulisema "ni kweli" kizimbani. Ukikanusha kwenye usaili, wasaili watajiuliza ulidanganya wapi. Una haki pia, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ya kuuliza nani ataisoma habari hii na itahifadhiwa vipi. Kwa wengi wanaonijia, hofu kubwa si kampuni, ni mtaa. Nyumba za kwetu pombe haitajwi hata kwa mzaha, na kijana yuko radhi apoteze kazi kuliko jambo limfikie babake msikitini. Namwelewa. Lakini mwajiri si jirani, na fomu haisomwi barazani.

Kosa moja la zamani, lisilo na la pili, mara nyingi si mwisho wa safari. Daktari wa anga hakuulizi dhambi zako. Anataka kujua kama ulikuwa usiku mmoja wa ujinga au ni dalili ya mtu asiyeweza kuacha. Ndiyo maana namba iliyotoka kwenye kipimo ni muhimu, na kesi mbili ni habari nyingine kabisa. Mwezi Machi 1990 Lyle Prouse, rubani wa kampuni ya Northwest Airlines ya Marekani, alirusha ndege ya abiria kutoka Fargo hadi Minneapolis akiwa amelewa, kosa zito mara nyingi kuliko la gari. Alihukumiwa kifungo cha miezi 16, akapoteza leseni. Baada ya matibabu na mitihani upya, kampuni ile ile ilimrudisha, akastaafu akiwa nahodha wa Boeing 747.

Kwenye kazi hizi kipimo ni kikali kuliko cha barabarani. Uingereza, sheria ya mwaka 2003 inamruhusu rubani miligramu 20 za kileo katika mililita 100 za damu, wakati dereva wa gari jijini London anaruhusiwa 80. Marekani, marubani na wahudumu hawaruhusiwi kunywa ndani ya saa 8 kabla ya kazi, na hata baada ya hizo saa 8 damu isifike asilimia 0.04.

Kwa hiyo wasaili wakishamaliza kusoma maelezo yako, jiandae kwa swali ambalo halimo kwenye fomu. Una ndege ya saa kumi na moja alfajiri, jana ulikuwa kwenye sherehe Nyali, umeamka na hujiamini. Utafanyaje? Wengine hujibu watakunywa kahawa nyingi, wengine kwamba hilo haliwezi kuwatokea. Jibu wanalolisubiri ni la mtu anayesema atapiga simu kwa wapanga zamu kabla hajatoka nyumbani, aseme hayuko sawa, na yuko tayari kueleza kwa nini.