Levodopa na sahani ya sato

Mzee anameza levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, kila siku bila kukosa, lakini ikifika saa nane mchana miguu inaganda. Ndugu huja dirisha la dawa kuomba dozi kubwa zaidi. Mimi huuliza kwanza: amekula nini, saa ngapi?

Katika ugonjwa wa Parkinson, seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kujongea, hufa taratibu. Dopamini ya kumeza haisaidii, maana haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Levodopa huvuka, na humo ndani hugeuzwa kuwa dopamini. Tatizo ni kwamba kimeng'enya kinachoigeuza kipo pia kwenye utumbo na ini, na dopamini inayotokea huko huleta kichefuchefu. Kwa hiyo huchanganywa na karbidopa, inayokizuia kimeng'enya hicho nje ya ubongo tu. Kidonge cha 25/100 kina miligramu 25 za karbidopa na 100 za levodopa. Anayetumia nusu kidonge mara tatu anapata karbidopa miligramu 37.5 kwa siku, wakati inayohitajika ni kama 70 hadi 100. Akitapika, sishangai.

Sasa chakula. Levodopa ni asidi amino, na hupita mlango uleule wa asidi amino za protini, utumboni na tena kwenye kuingia ubongoni. Huku kwetu Mwanza mlo wa mchana mara nyingi ni ugali na sato, sangara au dagaa. Kidonge kikimezwa juu ya mlo huo, samaki anakitangulia. Mpeni maji na kidonge nusu saa kabla ya kula, au asubiri walau saa moja baada ya mlo. Msimnyime samaki, mwili wake unapungua tayari. Mhamishieni kitoweo jioni. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma navyo huinasa levodopa tumboni, vitenganisheni nayo kwa saa mbili.

Kichefuchefu kikizidi, kataeni metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika: inaziba vipokezi vya dopamini ubongoni na kumkakamaza zaidi. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, ni vivyo hivyo. Mwambieni daktari ana Parkinson kabla hajaandika chochote.

Na dawa isikatishwe ghafla, hata kama zimebaki siku chache kabla ya kliniki. Homa kali, mwili kukaza na kuchanganyikiwa baada ya kuikosa ni dharura. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.